Ndege yangu ya mfano inainua pua na kuangukia ubavu: je, kosa ni mabawa yaliyolazwa nyuma?

Swali: "Shikamoo Mhandisi. Ninaishi Ilemela, hapa Mwanza, na ndege zinazotua hupita juu ya nyumba yetu kila siku. Nimetengeneza ndege ya mfano kwa maboksi meupe yanayosafirishia minofu ya sangara. Mabawa yana urefu wa mita 1 kutoka ncha hadi ncha. Upana wa bawa penye mwili ni sentimita 24 na kwenye ncha ni sentimita 8. Uzito wote ni gramu 900, na mota ya umeme nimeiweka nyuma ya mabawa. Mabawa nimeyalaza nyuma kwa digrii 35 kama ya jeti, kwa sababu nilisoma kwamba hukata upepo kama mshale na kuongeza kasi. Tatizo ni kwamba nikiirusha kwa mkono, au ikipunguza mwendo ili itue, pua inanyanyuka yenyewe hata nikiiamuru ishuke, kisha bawa moja linadondoka na ndege inaanguka kwa ubavu. Nimeweka mota kubwa zaidi, lakini naona hali imezidi kuwa mbaya. Rafiki yangu ananiambia niyanyooshe mabawa yawe kama ya ATR, ile ndege ya abiria ya panga boi, nami naona huko ni kurudi nyuma. Nani yuko sahihi? Na mbona Airbus ya Air Tanzania ina mabawa yaliyolala nyuma, ilhali ATR na zile Caravan ndogo hazina?"

Marahaba. Umeleta vipimo pamoja na swali, jambo ambalo wengi hulisahau, na kwa hiyo ninaweza kukujibu kwa hesabu badala ya kubahatisha. Nikiuelewa vizuri wasiwasi wako, unaona kwamba kuyanyoosha mabawa ni kuishusha ndege daraja, kana kwamba bawa lililolazwa ni hatua ya juu ya ufundi na bawa lililonyooka ni la kizamani. Kwa ndege hii uliyoijenga, rafiki yako yuko sahihi. Hata hivyo, dalili ulizozieleza hazisababishwi na ulazo peke yake, na mota uliyobadilisha ina mchango mkubwa kuliko unavyodhani.

Dhana ya mshale ndiyo ya kuondoa kwanza. Kulilaza bawa nyuma hakulifanyi likate upepo, wala hakuipi ndege nguvu yoyote mpya. Katika mwendo mdogo, bawa lililonyooka hulishinda lililolazwa karibu kwa kila kipimo: kwa eneo lilelile na kwa pembe ileile dhidi ya upepo hutoa mnyanyuo mwingi zaidi, ni rahisi kulijenga likawa jepesi na imara, na linapofika kwenye kikomo chake hutoa onyo la upole kabla ya kuangusha. Kazi ya bawa lililolazwa ni kuahirisha tatizo moja mahususi, ambalo ndege yako haitakutana nalo hata siku moja: tatizo la kukaribia kasi ya sauti.

Hewa yenye joto la digrii 15 husafirisha sauti kwa takriban mita 340 kwa sekunde, yaani kilomita 1,225 kwa saa. Kwenye mwinuko wa mita 11,000, ambako baridi hufika digrii 56 chini ya sifuri, kasi hiyo hushuka hadi karibu kilomita 1,060 kwa saa, kwa sababu kasi ya sauti hewani hutegemea joto. Airbus A220 unayoiona ikitua Mwanza husafiri huko juu kwa kiasi cha asilimia 78 ya kasi ya sauti, yaani karibu kilomita 830 kwa saa. Utasema bado iko mbali, na kwa ndege yenyewe ni kweli, lakini hewa inayopita mgongoni mwa bawa haiko mbali hata kidogo. Ili bawa linyanyue, hewa ya juu yake lazima iende mbio kuliko ndege, hivyo mgongoni mwa bawa kunaweza kuwa na eneo ambalo hewa imekwisha kuivuka kasi ya sauti wakati ndege yenyewe haijaikaribia. Mara nyingi hewa hiyo hairudi kwenye mwendo wa chini kwa utaratibu, bali hukatishwa ghafla katika tabaka jembamba mno liitwalo wimbi la mshtuko. Hapo shinikizo hupanda kwa mruko, hewa iliyokuwa imeshikamana na ngozi ya bawa hubanduka, ndege huanza kutetemeka, na ukinzani wa hewa hupanda kiasi kwamba kuongeza nguvu ya injini hakusaidii tena kwa kiwango cha maana.

Ulazo husaidia hapo kwa njia ifuatayo. Upepo unaolijia bawa lililolazwa tunaweza kuugawa katika sehemu mbili: ile inayolivuka bawa kwa pembe mraba, kutoka ukingo wa mbele hadi ukingo wa nyuma, na ile inayoteleza kufuata urefu wa bawa kuelekea nchani. Umbo la bawa huharakisha ile sehemu ya kwanza tu, kwa hiyo ndiyo inayozaa mnyanyuo na ndiyo inayoamua wimbi la mshtuko lianze lini. Ukubwa wake ni kasi ya ndege mara kosaini ya pembe ya ulazo. Kwa digrii 25, ambayo ndiyo pembe ya bawa la Boeing 737, kosaini ni 0.906, hivyo ndege inayokwenda kwa asilimia 78 ya kasi ya sauti ina bawa linalohisi takriban asilimia 71. Anayekipanda kilima cha Bugando kwa mshazari hukutana na mteremko mdogo kuliko anayekikabili moja kwa moja, ingawa kilima ni kilekile. Hewa nayo, ikilivuka bawa kwa mshazari, hulikuta kama bawa jembamba zaidi kuliko lilivyo. Nisikufiche kwamba hesabu ya kosaini ni ya bawa lisilo na mwisho. Bawa la kweli lina mwili wa ndege upande mmoja na ncha upande wa pili, na kote kuwili mkondo wa hewa hupinda, kwa hiyo faida inayopatikana huwa pungufu ya ile ya kwenye karatasi.

Wazo hili lilitolewa hadharani na Mjerumani Adolf Busemann katika mkutano wa wanasayansi huko Roma mwaka 1935, wakati ambapo hapakuwa na injini ya kuifikisha ndege kwenye kasi inayohitaji bawa la aina hiyo. Mwaka 1945 Robert T. Jones wa Marekani alilifikia kwa njia yake mwenyewe, na Desemba 1947 ndege ya mabomu Boeing B-47 iliruka kwa mara ya kwanza ikiwa na mabawa yaliyolazwa kwa digrii 35, pembe ileile uliyoichagua wewe. Lakini miezi miwili kabla, tarehe 14 Oktoba 1947, Bell X-1 ilikuwa imeivuka kasi ya sauti kwa mabawa yaliyonyooka na membamba sana. Kumbe hata kwenye kasi hizo ulazo ni njia mojawapo tu. Nayo Me 262 ya Wajerumani, ambayo watu hupenda kuitolea mfano, ililazwa mabawa kwa digrii 18.5 hasa ili kusawazisha uzito baada ya injini zake kuwa nzito kuliko ilivyotarajiwa. Tena tangu hapo wabunifu wamekuwa wakiupunguza ulazo kila walipoweza: Boeing 747 ya mwaka 1969 ina digrii 37.5, lakini maumbo ya bawa yaliyoboreshwa baadaye, likiwemo lile la mgongo bapa la Richard Whitcomb wa NASA, yameruhusu ndege nyingi za masafa ya kati kukaa karibu na digrii 25. Ingekuwa ulazo ni faida tupu, wasingeupunguza.

Sasa tuje kwenye gharama yake, kwa kuwa ndiyo inayoiangusha ndege yako.

Bawa lililolazwa huipa ncha yake kazi nzito kuliko uwezo wake, na hilo hutokea kwa sababu mbili zinazosaidiana. Ya kwanza ni kwamba ncha iko nyuma ya sehemu ya ndani ya bawa, na sehemu hiyo ya ndani, kwa kunyanyua, huupandisha kidogo upepo unaoifikia ncha. Ncha basi hukutana na upepo kwa pembe kubwa kuliko shina la bawa, yaani sehemu iliyoungana na mwili, ijapokuwa umelijenga bawa lote likiwa tambarare. Ya pili inahusu lile tabaka jembamba la hewa lililogusana na ngozi ya bawa, ambalo limechoka kwa msuguano na halina nguvu ya kupambana na shinikizo. Kwenye bawa lililonyooka hewa hiyo huondoka kupitia ukingo wa nyuma. Kwenye bawa lililolazwa husukumwa pembeni na kurundikana nchani, tabaka likawa nene na tayari kubanduka. Hivyo basi, mwendo ukipungua na pembe ikiongezeka, ncha ndizo zinazotangulia kupoteza mnyanyuo, yaani kuingia stoli.

Tazama sasa ncha hizo ziko wapi. Ziko nyuma ya kitovu cha uzito, yaani pale ambapo ndege hukaa sawa ukiiinua. Zinapoacha kunyanyua, mnyanyuo uliobaki unatoka sehemu ya ndani, ambayo iko mbele, na pua inasukumwa juu. Pua ikipanda, pembe inaongezeka, sehemu nyingine ya bawa inaingia stoli, na pua inapanda tena. Juu ya hayo, mnyanyuo ukihamia ndani, hewa inayosukumwa chini kuelekea mkiani huongezeka, nao mkia hukandamizwa wakati uleule unaouhitaji unyanyuke. Ndiyo maana unaiamuru ishuke na haitii. Na kwa kuwa ncha mbili haziwezi kushindwa kwa sekunde ileile, moja hutangulia, bawa la upande huo hudondoka, na vibawa vya kulizuia lisidondoke viko kwenye ncha hizohizo ambazo hewa imekwisha kuzikimbia. Umekieleza kitu hiki vizuri bila kukijua jina.

Marubani wa jeti za mwanzo walikutana nacho katika ndege zao, na dawa zake zinajulikana. MiG-15, iliyoruka mwaka 1947, ilibandikwa vizuizi viwili vya bati vilivyosimama wima juu ya kila bawa, kuizuia hewa isitembee kuelekea nchani. Wengine walilisokota bawa ili ukingo wa mbele wa ncha uelekee chini kidogo kuliko wa shina. Kwenye A220 unaweza kuona dawa nyingine kwa macho yako: ukipata kiti cha dirishani nyuma ya bawa wakati ndege inakaribia kutua, angalia ukingo wa mbele. Utaona kipande kirefu kikichomoza mbele na kuinama, kikiacha upenyo unaopitisha hewa mpya mgongoni mwa bawa, na wakati huohuo flapu za nyuma zikishuka. Kisha angalia ukingo wa mbele wa ATR au Caravan, uone kwamba hauna kipande kama hicho. Ndege hizo husafiri mbali chini ya kasi inayozaa mawimbi ya mshtuko, na viwanja vifupi zinavyovihudumia vinadai bawa linalonyanyua vizuri kwa mwendo mdogo. Wabunifu wake walijua wanachofanya walipoyaacha mabawa yamenyooka.

Turudi kwenye ndege yako. Hata mota ikiifikisha kilomita 70 kwa saa, hiyo ni chini ya asilimia 6 ya kasi ya sauti. Ndege isiyo na rubani iliyojaribiwa mwaka 2018 kupeleka dawa Ukerewe ilimaliza kilomita 60 kwa takriban dakika 40, yaani karibu kilomita 90 kwa saa, na hata hapo hakuna wimbi la mshtuko la kuahirisha. Kwa maana hiyo unailipa gharama yote ya ulazo bila kupata faida ambayo ulazo ulibuniwa kuileta. Tena umeiongeza gharama kwa kuichonga ncha kuwa theluthi ya upana wa shina, kwani ncha nyembamba hulemewa haraka zaidi, na hewa hushikamana kwa shida kwenye bawa la sentimita 8 lenye mwendo mdogo.

Lipo jambo la tatu, na ningeanza nalo kabla ya kukata chochote: uzito. Mota yako iko nyuma, nawe umeweka kubwa zaidi, maana yake umekisogeza kitovu cha uzito nyuma na kuipa pua ruhusa ya kupanda. Nikichukulia kwamba digrii 35 umezipima kwenye ukingo wa mbele, na kwamba upana wa sentimita 24 ndio wa katikati ya ndege, upana wa wastani wa bawa lako kwa hesabu za anga ni sentimita 17.3, nao unapatikana sentimita 21 hivi kutoka katikati ya mwili, mahali ambapo ukingo wa mbele umekwisha kurudi nyuma kwa sentimita 14.6. Kwa majaribio ya mwanzo, ndege ikae sawa ukiiinua kwa vidole viwili kwenye mstari ulio kati ya sentimita 17 na 18 nyuma ya pale ukingo wa mbele unapokutana na mwili. Ikiwa inakaa sawa kwenye sentimita 20 au zaidi, umekwisha kumpata mhalifu wa kwanza. Sogeza betri mbele kabisa, na isipotosha, bandika risasi za nyavu puani.

Jambo la nne ni mwendo wa kurushia. Kwa uzito wa gramu 900 na eneo la bawa la mita mraba 0.16, makadirio yangu ni kwamba ndege yako inahitaji kama kilomita 40 kwa saa ili isidondoke. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo vipimo unavyovikuta kwa watu wa pwani viongeze kidogo. Mkono wa mtu hurusha kitu kikubwa cha namna hiyo kwa mwendo usiofika huo, labda uwe na upepo wa ziwani usoni. Unairusha ikiwa tayari iko ukingoni mwa stoli, na ncha zinatimiza ahadi yake.

Ukitaka kuona kwa macho badala ya kuniamini mimi, kata vipande vya uzi wa kufumia vya sentimita 4, uvibandike kwa selotepu mgongoni mwa bawa moja, safu nne kutoka shina hadi ncha, kisha rafiki yako aishikilie ndege hiyo dirishani mwa gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa kwenye barabara tupu, huku mtu mwingine akirekodi kwa simu. Pua ikiinuliwa polepole, nyuzi za nchani zitaanza kugeuka na kuelekea mbele huku za ndani zikiwa bado zimelala vizuri. Hapo utakuwa umeiona hewa ikibanduka.

Kuhusu uamuzi wenyewe, ningekushauri ujenge jozi ya pili ya mabawa kwa mwili uleule: yaliyonyooka, upana wa sentimita 18 penye mwili na 14 nchani, yenye urefu uleule. Jifunzie kurusha kwa hayo. Ukisisitiza kubaki na sura ya jeti, na sikulaumu, kwa kuwa inapendeza, punguza ulazo uwe digrii 20, ncha iwe na upana usiopungua sentimita 13, isokote ncha ili ukingo wake wa mbele uelekee chini digrii 3 kuliko wa shina, na simamisha kizuizi cha plastiki nyembamba chenye kimo cha sentimita 1.5 kwenye theluthi mbili za bawa kutoka mwilini, kikianzia ukingo wa mbele. Itaruka, lakini itakuwa na ukinzani zaidi na itatua kwa mwendo mkubwa kuliko ndugu yake mwenye mabawa yaliyonyooka. Ipo hali moja ambayo ulazo una kazi halali hata kwa ndege ndogo: ndege isiyo na mkia, ambapo ncha zilizolazwa nyuma na kupindwa ndizo zinazofanya kazi ya mkia. Huo ni mradi wa baadaye, na hauvumilii kosa la kitovu cha uzito hata la sentimita moja.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi. Gramu 900 kwa kilomita 70 kwa saa zinatosha kumvunja mtu mfupa au kumtoboa jicho, kwa hiyo usirushe mwaloni wala ufukweni penye watu. La uzito zaidi ni kwamba unaishi chini ya njia ya ndege zinazotua. Usiirushe tena Ilemela, hata kwa jaribio la sekunde chache, mpaka umefika ofisi ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ukaeleza ulichojenga na kuelekezwa kuhusu kibali na mahali pa kurushia. Betri ya lithiamu ikivimba au ikitobolewa na ajali, usiichaji, wala usiilaze ndani ya nyumba. Mwite fundi umeme anayezifahamu. Na ikiwa, baada ya kusogeza uzito na kufunga mabawa yaliyonyooka, pua bado inapanda yenyewe, tatizo litakuwa kwenye pembe ya mkia au mwelekeo wa mota, ambavyo havipimiki kwa barua. Hapo mpelekee mwalimu wa ufundi aliye karibu nawe, au fundi wa ndege atakayekubali kuitazama, uibebe nzima ikiwa na betri ndani na mabawa yakiwa yamefungwa.